Ng'ombe wa Roma, Mahame ya Mungaa

Mara ya kwanza kuiona Roma, nilichokiona kwanza ni ng'ombe.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, Mungaa, na picha yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani sebuleni kwa katekista mmoja wa kwetu. Ilikuwa imekatwa kwenye kalenda ya miaka mingi nyuma, imeanza kuwa ya manjano pembeni, na moshi wa jiko ulikuwa umeshaipitia. Haikuwa na rangi. Ilikuwa mistari mitupu, mistari myeusi mamia kwa mamia, kama mtu aliyekwaruza ukuta kwa msumari kwa subira ya ajabu. Katikati kulikuwa na nguzo tatu ndefu zimesimama zenyewe, hazibebi paa. Upande wa kushoto, tao kubwa la mawe lililozama ardhini nusu. Chini yake, majani, njia ya vumbi, wachungaji wawili wameegemea fimbo, na ng'ombe. Wengine wamelala, wengine wanakunywa maji kwenye birika la jiwe.

Sisi tulikuwa wachungaji. Ng'ombe wa mtu ukimwona hata kwenye karatasi unamtazama pembe, unamtazama nundu, unajua kama ni wa kwenu. Hawa walikuwa na pembe pana, hawana nundu. Mwenzangu akauliza, "Hawa ng'ombe wa nani?"

"Wa Roma," katekista akajibu.

Tukacheka. Roma tuliyoijua sisi ni ya Baba Mtakatifu. Ng'ombe wanatafuta nini pale? Mwenzangu akaangalia tena zile nguzo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeelewa: "Kumbe wanachunga kwenye mahame."

Katekista akamsahihisha haraka. "Siyo mahame, mwanangu. Hayo ni magofu."

Sikumuuliza tofauti ni nini. Nimekuja kujiuliza ukubwani, baada ya kuanza kukusanya picha za namna hiyo kwenye simu yangu na kusoma habari zake usiku. Hebu twende nalo swali hilo, ndugu msomaji. Nadhani ndani yake kuna jambo kuhusu historia kwa ujumla: nani anahesabiwa kuwa nayo, na nani anahesabiwa kuwa alihama tu.

Tuanze na maneno yenyewe. Gofu ni jengo lililobomoka. Neno linatazama kitu kilichobaki: ukuta, nguzo, tao. Ndiyo maana mtu aliyekondeshwa na maradhi tunasema amebaki gofu la mtu. Mifupa ipo, unaiona. Hame linatokana na kuhama. Lenyewe linatazama watu waliokuwepo wakaondoka, na hata kama hapakubaki jiwe juu ya jiwe, hame ni hame. Huku kwetu nyika ya kati, ambako nyumba zilikuwa za miti na udongo, tulikuwa na mahame mengi sana na magofu machache mno. Pwani wana yote mawili.

Sasa Roma.

Picha ile ya katekista, nilikuja kugundua, ni ya mahali palipoitwa Campo Vaccino, yaani uwanja wa ng'ombe. Halikuwa jina la utani la wachoraji. Ndivyo Waroma wenyewe walivyopaita kwa karne nyingi, kwa sababu ndipo ng'ombe walipochungwa na kuuzwa. Chini ya majani yale palikuwa na Foro ya Roma, uwanja ambao zamani ulikuwa moyo wa dola: mahakama, mahekalu, baraza la seneti, jukwaa la wasemaji. Mji uliokadiriwa kufikia watu milioni moja enzi za makaisari ulipungua hadi makumi ya maelfu katika Zama za Kati. Baada ya dola ya magharibi kuanguka mwaka 476, taratibu kazi ya kuondoa matope bondeni iliachwa. Udongo ukashuka kutoka vilimani, vifusi vikajaa, ardhi ikapanda mita kadhaa. Lile tao lililozama nusu ni la kaisari Septimius Severus. Halikuzama, ardhi ndiyo iliyoinuka. Na lile birika la kunyweshea ng'ombe lilikuwa bakuli kubwa la mawe ya matale la zamani. Mwaka 1818 lilihamishwa kupelekwa kilima cha Quirinale, na mpaka leo liko pale, ni chemchemi ya kupigia picha.

Majengo yenyewe hayakuanguka kwa uzee peke yake. Marumaru ukiichoma inakuwa chokaa, na matanuri ya chokaa yaliwashwa palepale Foroni. Sanamu iliingia, chokaa ikatoka, ukuta mwingine ukapakwa. Mawe ya Koloseo yalibebwa kwenda kujengea makanisa na majumba, mapapa wenyewe wakiruhusu. Kwa hiyo kwa muda mrefu mtu wa Roma aliyepita pale hakuona "urithi". Aliona malisho, na aliona mawe ya bure.

Kilichobadilisha macho yake, pamoja na mambo mengine, ni karatasi.

Mwaka 1551 mchapishaji wa Antwerp aitwaye Hieronymus Cock alitoa mfululizo wa michoro ya magofu ya Roma. Antwerp ni mbali na Roma, safari ya wiki nyingi. Waliozinunua wengi wao hawakuwa wameiona Roma na wasingeiona. Hapo ndipo ilipo nguvu ya picha ya kuchapwa. Mchoro wa rangi ni mmoja na uko ukutani kwa tajiri mmoja. Bamba la shaba linatoa mamia ya nakala, na nakala inasafiri.

Namna ya kuzitengeneza inafaa kuelezwa, maana inasaidia kuelewa kwa nini zinaonekana vile. Unachukua bamba la shaba, unalipaka nta au utomvu usiopitisha tindikali. Unachora juu yake kwa sindano, ukikwaruza ile nta tu. Kisha unamwaga tindikali. Pale penye mkwaruzo tindikali inakula shaba. Pale penye nta haigusi. Ukitaka mstari mweusi zaidi, unaiacha ile muda mrefu zaidi. Mwisho unafuta nta, unapaka wino, unafuta juu ili wino ubaki kwenye mifereji peke yake, unaweka karatasi yenye unyevu na kupitisha kwenye shinikizo. Mwanga kwenye picha ni mahali tindikali haikugusa, na giza ni mahali ilipokula sana. Mtu anayechora magofu kwa njia hii anatumia uozo kuonyesha uozo, na sidhani kama wachoraji hawakulijua hilo.

Aliyewapita wote ni Giovanni Battista Piranesi, aliyezaliwa 1720 upande wa Venice na kufariki Roma 1778. Alisomea usanifu majengo, lakini majengo aliyojenga kweli ni machache mno. Badala yake alichora yaliyoanguka. Mfululizo wake wa mandhari za Roma alianza kuutoa mwishoni mwa miaka ya 1740 na aliendelea nao mpaka kufa. Mwaka 1756 akatoa vitabu vinne vikubwa juu ya mambo ya kale ya Kirumi. Wateja wake walikuwa hasa vijana wa kitajiri kutoka Uingereza na kwingineko kaskazini, waliotumwa na wazazi wao kuzunguka Italia kumalizia elimu. Walirudi nyumbani na karatasi za Piranesi kama sisi tunavyorudi kutoka Zanzibar na karafuu.

Na Piranesi alikuwa na ujanja. Anakuweka chini kabisa, kama umelala kifudifudi, halafu anakuonyesha ukuta unaopanda mpaka unagusa ukingo wa karatasi. Watu anawachora wadogo, wamekonda, wamevaa matambara, wakinyoosha mikono kama sisimizi wanaobishana. Jiwe linakuwa jitu, na mtu anakuwa takataka iliyopeperushwa pale. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alikulia Frankfurt kwenye nyumba ambayo baba yake alitundika picha za Roma ukumbini. Alipofika Roma yenyewe mwaka 1786 aliona kwamba mabafu ya kale hayakulingana na alivyoyajua kupitia Piranesi. Picha ilikuwa kubwa kuliko jengo. Hata hivyo ni ile picha iliyomleta.

Maana ya magofu hayo ilibadilika kwa kila aliyeyashika. Kwa wanunuzi wengi wa zamani za Cock yalikuwa mahubiri: tazameni ukubwa wa wanadamu unakoishia. Kwa Mkristo mwingine yalikuwa ushahidi kwamba upagani umeshindwa, msalaba umesimama. Edward Gibbon, mwanahistoria Mwingereza, anasimulia kwamba ni pale katikati ya magofu ya Kapitolio, jioni ya Oktoba 1764, akisikiliza watawa wakiimba, ndipo wazo la kuandika historia ya kuanguka kwa Roma lilipomjia. Kwake yalikuwa swali: kwa nini dola inakufa?

Halafu likaja dai la kumiliki. Kuanzia 1803 Carlo Fea alichimba kulizunguka tao la Severus kwa niaba ya papa. Baada ya 1870, Italia ilipoungana na Roma kuwa mji mkuu, Foro yote ikaanza kufukuliwa. Ng'ombe wakaondolewa. Hata majani yaling'olewa. Mwaka 1855 daktari Mwingereza, Richard Deakin, alikuwa amechapisha kitabu cha mimea iliyoota kwenye Koloseo peke yake, akaorodhesha aina 420. Baadaye kuta zikakwanguliwa, bustani hiyo ikaisha. Na mwaka 1932 Mussolini alizindua barabara pana ya gwaride kati ya Koloseo na uwanja wa Venezia. Ili barabara ipite na magofu yaonekane vizuri, mitaa ya watu ilibomolewa na maelfu ya wakazi wakapelekwa pembezoni mwa mji.

Hapo mimi hunyamaza kidogo. Ukiangalia picha za Piranesi kwa makini, utaona vibanda vimeegemea nguzo, nguo zimeanikwa kwenye matao, mtu anauza kitu chini ya kivuli cha hekalu. Watu waliishi ndani ya magofu. Ilipoamuliwa kwamba magofu yana thamani kweli, wao ndio walioonekana uchafu wa kuondolewa. Gofu likasafishwa, na kando yake likazaliwa hame jipya ambalo hakuna aliyelichora.

Turudi huku kwetu, kwa sababu karatasi hizo za shaba hazikuishia Roma.

Mwaka 1572, miaka 21 tu baada ya Cock, huko Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia. Ndani yake kuna ukurasa mmoja wenye miji minne ya Bahari ya Hindi: Aden imechukua nafasi kubwa, na pamoja nayo zimebanwa Mombasa, Kilwa na Sofala. Kilwa imeandikwa Quiloa. Nyumba zimesongamana kando ya maji, mji unaonekana umejaa, unaendelea na shughuli zake.

Ukijua tarehe, moyo unakuuma. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule. Enzi hizo dhahabu ya Sofala ilipitia hapo, na sultani al-Hasan bin Sulaiman ndiye anayetajwa kwa ujenzi wa Husuni Kubwa, jumba juu ya genge linalotazama bahari. Julai 1505 meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida ziliushambulia mji na kuupora. Wakajenga ngome, wakaiacha 1512. Kwa hiyo karatasi ya 1572 inaonyesha Kilwa nzima, yenye afya, miaka 67 baada ya kuvunjwa mgongo. Waliotoa kitabu Cologne hawakuwa wameuona mji. Walifanya kazi kwa habari na michoro ya watu wengine. Na miaka 15 baada ya kitabu, 1587, Wazimba waliuvamia mji ukapata pigo jingine.

Linganisha na picha ya katekista. Roma ilichorwa imekufa wakati ilikuwa na papa, masoko, na watu wake. Kilwa ikachorwa hai wakati ilikuwa inakata roho. Roma ilipewa hadhi ya gofu, yaani kitu kilichoanguka kutoka juu, kitu cha kulilia. Kilwa ilipewa hadhi ya bandari, alama ya njia ya kibiashara. Ilipokuja kuwa magofu kweli, hapakuwa na Piranesi wake wa kulala kifudifudi mbele ya Msikiti Mkuu na kumwonyesha kijana wa London jinsi kuba zile zinavyoning'inia. Kilwa ilisubiri wachimbaji. Neville Chittick alifukua pale kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, kitabu chake kikatoka 1974, na UNESCO ikaiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1981.

Msianze kusema basi pwani haikuwa na wachoraji wa magofu. Walikuwepo, ila hawakutumia shaba. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyoachwa na matajiri wake, akayafanya utenzi: Al-Inkishafi. Msomaji wa ukurasa huu sina haja ya kumtambulisha. Nataka tu tukione kitu kimoja. Sayyid Abdalla alitazama kile kile alichokitazama Piranesi, kuta zisizo na paa na wadudu waliorithi vyumba, na akakifanyia kazi ile ile: akakipa mwili ambao unaweza kusafiri. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, ukasomwa kwa sauti, ukahifadhiwa vichwani. Pate kama mji wa fahari inaishi leo zaidi ndani ya beti zile kuliko ndani ya mawe yake. Gofu linahitaji mtu wa kulibeba. Bila huyo, mawe ni mawe tu, na mwenye tanuri la chokaa hayuko mbali.

Sasa tembe, nyumba yetu sisi wa bara.

Kwa asiyezijua: tembe ni nyumba ya pembe nne, nguzo za miti, kuta za fito na udongo, na paa la bapa ambalo juu ya miti na matawi hushindiliwa udongo. Wagogo wanazo, Wanyamwezi walikuwa nazo, na sisi Wanyaturu pia. Ndani kuna giza jema la mchana wa kiangazi, pana sehemu ya ndama na mbuzi, na juu ya paa unaanika uwele. Wageni waliopita njia ya misafara karne ya 19 waliziandika sana. Moja ilipata bahati ya karatasi: tembe ya Kwihara, karibu na Tabora. Stanley alikaa pale mwaka 1871 akielekea Ujiji, na Februari 1872 akarudi akiwa na Livingstone. Waliagana Machi, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Mwaka huo huo Stanley alitoa kitabu chake London, chenye michoro ya kuchapwa, na Kwihara imo.

Tembe ile ilianguka. Udongo na mchwa hawajui jina la mgeni. Lakini ilijengwa upya na leo ni makumbusho. Unaweza kwenda, ukaonyeshwa mlango na vyumba. Siwalaumu walioijenga upya, na ningependa kila mtu aende kuiona. Ninachosema ni kwamba katika maelfu ya tembe zilizowahi kusimama kati ya Mpwapwa na Tabora, iliyoinuliwa tena ndiyo ile iliyolaliwa na Wazungu wawili na kuchapwa kitabuni. Tembe zilizowalea watoto, zikaficha mbegu miaka ya njaa, hizo zilihamwa.

Mungaa zilihamwa lini? Nyingi zilikuwa zinahamwa siku zote. Hiyo ndiyo tabia ya nyumba ya udongo. Ukiona paa linachoka unajenga nyingine pembeni, la zamani unaliachia mvua. Lakini kulikuwa na kuhama kwingine, kwa pamoja. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia. Katika miaka ile ya Operesheni Vijiji mamilioni ya Watanzania walitoka kwenye maboma yaliyotawanyika, kila mmoja karibu na shamba na malisho yake, wakaja kupanga nyumba kwa mistari kando ya barabara. Shule na zahanati zilikuja, hilo ni kweli, na mimi nimesoma kwenye mojawapo ya shule hizo. Nyuma yetu yalibaki mahame.

Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Hame lake liko mwendo wa nusu saa kutoka anakoishi sasa, ng'ambo ya korongo, karibu na majabali mawili yaliyoegemeana. Ukipita na gari huoni kitu. Ukiwa mchungaji unaona. Majani pale ni ya kijani zaidi kuliko jirani, kwa sababu zizi lilikuwa hapo na mbolea ya miaka mingi haijaisha ardhini. Kuna jiwe la kusagia lililochimbika katikati kama kiganja. Kuna mafiga, mawili. La tatu limeshatembea. Kuna kichuguu mahali ambapo palikuwa na nguzo ya kati, mchwa walianza na mti wakaendelea na mji. Hicho ndicho kinachobaki kwa watu wa udongo. Siyo kidogo, ila lazima ujue kusoma.

Mwaka juzi nilimpeleka. Nilikuwa nimesoma mambo ya Piranesi, nimejaa hamu, nikatoa daftari na penseli. Nikamwambia, "Bibi, nataka kuichora nyumba yako ilivyokuwa."

"Unachora ya nini? Ilikuwa inavuja."

"Ni historia, bibi."

"Mjukuu wangu, mvua ikinyesha siku tatu udongo ulikuwa unatudondokea kwenye uji. Mimi nalala chini ya bati sasa, nasikia mvua, simwogopi mtu. Wewe unaipenda kwa sababu hujalala humo."

Alikuwa sahihi, na ni jibu ambalo vijana wa Kiingereza walionunua Piranesi hawakulipata, maana hawakuwauliza wale watu wadogo waliochorwa chini ya matao. Kupenda magofu ni rahisi kwa mtu ambaye jioni anarudi kwenye nyumba yenye paa. Kwa hiyo sitakwambia kwamba tulitupa fahari tukachukua bati. Bati ni bati, linafaa. Ninachokataa ni lile wazo la katekista, Mungu amrehemu, kwamba kuna watu wenye magofu na watu wenye mahame tu, na kwamba wa kwanza ndio wana historia. Foro ya Roma ilikuwa hame kwa miaka mia nyingi. Ilikuwa na majani, na ng'ombe, na mchungaji anayesinzia. Aliyekuja na sindano na bamba la shaba ndiye aliyeliita gofu, wengine wakaamini, na baadaye wenye serikali wakaja na jembe na gwaride.

Mwenzangu yule aliyeiona picha akasema "kumbe wanachunga kwenye mahame" hakukosea hata kidogo. Alisoma picha vizuri kuliko sote. Aliona kwanza kwamba watu walikuwa pale wakaondoka, kisha akaona wengine waliofika na mifugo yao. Mpangilio huo wa kuona ndio ninaoujaribu sasa kila nikipata picha ya zamani, iwe ya Roma, ya Kilwa au ya tembe: nauliza nani alihama, kabla sijasifia ukuta.

Bibi alipoona sijafunga daftari, alikaa juu ya lile jiwe la kusagia akaanza kunielekeza, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mtoto asiyejua. Mlango uwe huku, si huko. Jua la jioni lilikuwa linaingia mpaka kwenye mtungi. Ndama wakae kulia. Hapa alizaliwa baba yako. Hapa mbuzi mmoja mwekundu alikuwa anapanda juu ya paa kila siku anakula uwele, tukamla Krismasi. Nilikuwa nafuta na kuchora, nafuta na kuchora, mpaka karatasi ikaanza kutoboka.

Nilipomaliza nikampa aitazame. Aliishika mbali na macho, kama wanavyofanya wazee, akanyamaza muda. Ng'ombe wa baba mdogo walikuwa wamefika, wameshaanza kula yale majani ya kijani ya zizini.

"Umesahau moshi," akasema.

Nikachukua penseli nikauweka.